Jiko Lililotangulia Jeshi

Simu ya wifi yangu ilinikuta dukani, nimebana pini mdomoni, nampima mtoto suruali ya sare ya shule. Mama yake alikuwa ananihimiza niache upindo mrefu kwa sababu mtoto mwenyewe anarefuka kama anavutwa na kamba. Nikaibana simu kwa bega. Wifi hakusalimia. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha watu, "Wifi, kaka yako amekataa chai."

Nikazitema pini kiganjani. Kwa mtu mwingine hiyo isingekuwa habari. Watu hukataa chai kila siku na dunia haisimami. Lakini kaka yangu hakuwahi kukataa chai. Alikunywa chai akiwa na homa, alikunywa chai siku aliyong'olewa jino, na daktari alipomwambia apunguze sukari, alipunguza sukari akaongeza vikombe. Nikamwuliza wifi amekataa vipi. Nyuma yake nikasikia mtu analia, nikaelewa kwamba amekataa kwa namna ambayo mtu habembelezwi tena.

Nilimalizia kuupima ule upindo. Sijui kwa nini. Mama wa mtoto alipoona machozi yanadondokea kitambaa, alinishika mkono akaniambia suruali haina haraka. Nikafunga duka, nikapiga magoti kati ya meza ya kukatia na cherehani, nikamshukuru Mungu kwanza, maana marehemu mama alitufundisha kwamba kabla hujamlalamikia Mwenyezi umshukuru kwa muda aliokupa. Nilipomaliza kushukuru, nikalalamika.

Kaka yangu alikuwa Brigedia mstaafu. Watu walimjua kwa medali ya ushujaa aliyovishwa enzi za vita, alipoongoza shambulio la alfajiri na kuuteka mji wa reli pasipo kupoteza askari hata mmoja. Ndivyo ilivyosomwa kwenye kipaza sauti kila siku ya kuwakumbuka mashujaa, naye akiwa amesimama wima, kifua mbele, uso umekaza kama mtu mwenye msumari ndani ya kiatu. Watu walidhani ule ni ukakamavu wa kijeshi. Sisi wa nyumbani tulijua ni aibu. Shambulio hilo halikuwahi kuwapo.

Alipoanza kuzidiwa aliniita kando ya kitanda chake. "Kuruta," akasema, kwa kuwa hilo ndilo jina alilonipa tangu alipoingia jeshini na mimi bado niko shule ya msingi. "Siku ya kunizika, habari zangu usome wewe. Mwanangu atalia. Wifi yako ataogopa wakubwa. Wewe una mdomo. Sema ilivyokuwa, na umtaje Chumvi. Sitaki nizikwe na uongo, Chumvi akiwa amekaa pale ananitazama."

Nikamjibu, "Sawa, afande." Akafumba macho akatabasamu, kwa sababu alijua nikishasema hivyo sirudi nyuma. Lakini ili ieleweke nilikuwa nimeahidi nini, inabidi kwanza nieleze jinsi mtu anavyoweza kufika ubrigedia kwa kupitia jikoni.

Mama yetu alikuwa na pumu. Moshi kidogo tu ulimkaba, na kuni za siku zile zilikuwa na moshi. Baba alikuwa akitoka mapema kwenda kiwanda cha mbao na kurudi na vumbi la msumeno kwenye nyusi. Kwa hiyo kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa, alilishika jiko akiwa bado hafiki rafu ya juu. Vijana wa mtaani walimwita "mama mdogo." Walisimama dirishani wakamwuliza mama mdogo leo anapika nini. Hakupigana nao. Aliwapakulia. Mwenye ulimi mkali kuliko wote ndiye alikuwa wa kwanza kuomba nyongeza, na kuanzia siku hiyo ikawa yeye ndiye anayetuletea kuni. Kaka aliniambia mara nyingi kwamba mdomo uliojaa hautukani. Mimi nilidhani ni methali ya zamani, nikaiandika kwenye insha ya sekondari. Mwalimu akaizungushia wino mwekundu, akaandika: "Umeitoa wapi hii?"

Alipokwenda kujiandikisha jeshini, waliwapanga foleni wakaulizwa kila mmoja anajua nini. Mmoja alisema mbio. Mwingine alisema ngumi. Kaka akasema anajua kupika. Sajini aliyekuwa anaandika aliinua kichwa, akamtazama mabega yale yote, akauliza kama anatania. Kaka akajibu kwamba kwenye chakula hakuna utani, afande. Basi wakampeleka jikoni, na huko ndiko alikomkuta Chumvi.

Chumvi alikuwa mpishi mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuchungulia. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuweza kupita kando ya sufuria bila kuonja, na hakuweza kuonja bila kuongeza chumvi, hata kama sufuria si yake. Siku ya kwanza aliionja supu ya kaka, akatafuna midomo, akasema, "Kuruta, umepika kama mtu aliyelelewa vizuri. Hiyo itakutesa hapa." Wakawa marafiki hapo hapo. Chumvi ndiye aliyemfundisha kupika kwa ajili ya kikosi kizima: mwiko mrefu kama jembe, maharage yanayolowekwa kwenye mapipa, na sheria kubwa ya jiko lolote la jeshi, kwamba bunduki haisogei karibu na sufuria. Bunduki ukutani, bakuli mkononi. Hata mkuu wa kikosi akija na bastola, aiache nje.

Sheria nyingine aliileta kaka mwenyewe alipokuwa koplo. Aliona kwamba kwenye mazoezi askari wanafika kambini wamekwisha, halafu wanakaa na mabakuli matupu kusubiri moto uwashwe. Jambo hilo lilimuudhi, maana alikulia kwenye nyumba ambayo watu waliokuja na njaa walikuwa ni baba yake na mdogo wake. Akaomba ruhusa jiko lianze safari mapema kabla ya kikosi, ili askari wakifika wakute chakula kinatoa mvuke. Wakajaribu. Askari walifika, wakala, wakaimba. Mkuu wa kikosi alifurahi hadi ikawa amri ya kudumu: jiko hutangulia. Kwa ajili ya jambo hilo, na kwa kuwa alikuwa na cheti chake kizuri cha sekondari, wakamteua kwenda chuo cha maofisa. Huko wenzake walimwita Luteni Sufuria. Alisema jina hilo halikumkera, kwa sababu kila aliyemwita hivyo alikuwa amekuja kuuliza kama kuna ukoko.

Wifi yangu alimpata kipindi hicho. Alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya kambi. Kaka alifika na kidole kilichoungua, akafungwa bandeji. Baada ya siku kadhaa akaja na kidole kingine. Wifi husimulia kwamba alijiuliza, huyu ofisa ama hajui kupika ama anatafuta mke. Akaenda kula jikoni kwake ili apate jibu. Alipoonja chakula, akajua kupika anajua.

Halafu vita vikaja. Sitaandika mengi kuhusu vita, maana sikuwapo, na waliokuwapo hawapendi kuyasema yale mengine. Mwana wa mama mkubwa wetu hakurudi. Kaka alimwombea kila Jumapili mpaka mwisho wake. Ninachoweza kusimulia ni habari ya mji wa reli, ambayo niliisikia kwa kaka na kwa Chumvi wakiwa wamekaa pamoja barazani, mmoja akisema na mwingine akimsahihisha.

Kikosi kilikuwa kimepewa amri ya kusogea mpaka kwenye ghala moja kubwa la bati lililokuwa njiani, kilale pale, kisha kesho yake kiushambulie mji. Jiko likatangulia kama kawaida: malori yaliyojaa sufuria, magunia na wapishi, kaka yuko mbele. Baada ya wao kuondoka amri ikabadilika. Kikosi kisitoke, kisubiri mizinga. Mjumbe akakimbizwa kwenda kuwaambia wapishi, akakuta majivu. Akarudi akatoa taarifa kwamba jiko halipo. Wakamjibu kwamba ni kweli, jiko huwa halipo, jiko hutangulia. Watu walizoea sana kwamba jiko liko mbele, hata hakuna aliyejiuliza mbele kule ni wapi.

Na huko mbele kulikuwa na ukungu. Wapishi walilipita lile ghala bila kuliona. Wakaendelea taratibu mpaka wakaona paa kubwa la bati, kaka akasema ndipo hapa. Wakashusha vitu, wakawasha moto. Lile paa lilikuwa la stesheni ya mji wa reli.

Maharage yalikuwa yameshachemshwa jana yake, kwa hiyo hayakuchelewa. Vitunguu vilipoanza kukaangwa, watu wakaanza kutokea kwenye ukungu na mabakuli, wamejifunika mablanketi, matope mpaka magotini. Chumvi aliwakemea kama alivyozoea. Wapange foleni, wasisukumane, bunduki ukutani. Wakaziegemeza ukutani bila neno, kwa kuwa sheria hiyo iko kwenye kila jeshi. Akaanza kupakua. Mmoja akamwambia, "Mmechelewa sana. Tulidhani huko nyuma mmetusahau." Chumvi akajibu kwamba jiko lake halijawahi kumsahau mtu, na hapo blanketi la yule askari likateleza begani, Chumvi akaiona nembo. Haikuwa nembo yetu.

Watu wa mpakani wanasema lugha moja, ndiyo maana hawakustukiana mapema. Chumvi alimpakulia yule mtu bakuli lake, tena akamwongeza, kisha akamwendea kaka polepole akamnong'oneza, "Afande, usigeuke haraka. Tunalisha watu wa upande wa pili."

"Wangapi?"

"Wote."

Bunduki za wapishi zilikuwa kwenye lori, chini ya magunia ya viazi. Kaka alisema kwamba katika dakika hiyo hakukumbuka hata somo moja la chuo cha maofisa. Alimwomba Mungu, halafu akawakumbuka wale vijana wa dirishani. Akamwambia Chumvi aendelee kupakua na asiwe mchoyo. Wale watu walipokaa chini na kuinamia mabakuli, wapishi wawili walizihamisha bunduki za ukutani, mbili mbili, kwa utulivu, kama watu wanaohamisha kuni. Mtu mmoja aliwaona akauliza zinapelekwa wapi. Wakamwambia zinazuia njia ya chai. Akarudi kwenye bakuli lake.

Ndipo kaka akapanda juu ya kreti. Aliwaita "ndugu zangu." Akawaambia kwamba chakula walichokula ni cha jeshi la upande huu, kwamba bunduki zao ziko kwenye lori na kikosi chake kiko nyuma. Alisema kiko nyuma bila kusema ni nyuma kwa umbali gani, kwa sababu hata yeye hakujua. Akamalizia kwamba chai inakuja, na anayetaka kupigana asubiri baada ya chai.

Sajini wao mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alilitazama bakuli lake, akautazama ukuta uliobaki mtupu, akauliza, "Hiyo chai ina sukari?"

"Ina sukari."

"Basi mimi nimeshindwa," akasema, akasogeza kikombe.

Kikosi chetu kilipogundua kwamba jiko limepotea, hakikusubiri mizinga tena. Kilikuja mbio, si kwa ajili ya mji bali kwa ajili ya chakula. Kilipoingia stesheni kikakuta maadui wanasugua masufuria, na Chumvi anawasimamia akiwaambia pembeni hapo bado kuna masizi. Maneno ya kwanza ya mkuu wa kikosi hayakuwa ya ushindi. Aliuliza, "Nani amekula chakula chetu?"

Hapo ndipo kaka na Chumvi walikuwa wakicheka mpaka wifi anakuja kuwapigapiga mgongoni. Lakini kicheko cha kaka kilikuwa kinakatika kabla ya kile cha mwenzake, kwa sababu ya kilichofuata. Taarifa iliyopelekwa juu ilisema mji umechukuliwa alfajiri na Luteni fulani. Aliyeipokea akaongeza neno "shambulio," aliyemfuata akaongeza neno "kali." Medali ikaja. Kaka alimwendea mkuu wa kikosi akamweleza kwamba yeye alipika tu, na hata hakupika peke yake. Mkuu akamwuliza, "Luteni, unataka niandike kwamba adui alishindwa na maharage?" Kaka akamwambia ndiyo, afande, na maharage yalikuwa mazuri. Akafukuzwa ofisini. Chumvi ndiye aliyemshauri aipokee, akamwambia akiikataa watampa mtu ambaye hata hakuwa na njaa siku hiyo.

Basi kaka akapanda. Kapteni, meja, luteni kanali. Kila cheo kilikuja na ofisi kubwa zaidi, na kila ofisi aliitafutia kwanza mahali pa kuwekea birika. Alifika kuwa mkuu wa ugavi wa jeshi zima, na huko alifanya kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi: askari walioko mbali sana kupata buti zinazowatosha na chakula ambacho hakijaoza. Mara moja alirudisha shehena nzima ya samaki wa kopo baada ya kufungua kopo moja mbele ya mwuzaji na kumkaribisha ale. Mwuzaji alisema hana njaa. Kaka akasema askari wake nao, wakiona hao samaki, hawatakuwa na njaa. Alistaafu akiwa Brigedia, akarudi kulishika jiko la nyumbani. Wifi alimpa Jumapili tu, kwa sababu alikuwa anapika chakula cha watu mia.

Chumvi alistaafu akiwa koplo. Alirudi kwao akafungua mgahawa mdogo karibu na kituo cha mabasi. Aliwahi kusimulia habari ya stesheni pale, wateja wakaangua kicheko. Kwa nini wasicheke, na redio kila mwaka inasema kulikuwa na shambulio? Wakambatiza "Jenerali Mwiko." Wakwe zake mwenyewe walimtania mbele ya mkewe kwamba vita vyote alikuwa anamenya viazi, leo anajifanya kateka mji. Akaacha kusimulia. Kaka aliposikia hilo aliumia kuliko jambo lolote nililoliona likimwumiza.

Alijaribu kusahihisha. Siku moja ya mashujaa alipewa kipaza sauti akasema wazi kwamba hakukuwa na shambulio, mji ulichukuliwa na wapishi. Watu walicheka kwa upendo, wakapiga makofi, na mgeni rasmi akasema tazameni unyenyekevu wa shujaa. Mwaka uliofuata akasema tena, makofi yakawa makubwa zaidi. Hapo ndipo aliponiambia kwamba ukweli wake akiusema mwenyewe unageuka sifa, kwa hiyo itabidi usemwe na mtu mwingine, wakati yeye hawezi kupigiwa makofi.

Sasa, siku mbili kabla ya mazishi, Kanali kutoka makao makuu alikuja nyumbani. Kijana mwenye adabu, viatu vinang'aa, amebeba jalada. Sebule ilikuwa imejaa viti vya kuazima, na nje wanawake wa kanisani walikuwa wanamenya vitunguu na kuimba. Alitupa pole, akatueleza mpango: jeneza litabebwa na maofisa, mizinga itapigwa, naye atasoma wasifu. Akanipa niupitie. Ulikuwa umechapwa vizuri, na katikati yake ndimo yalimokuwa maneno yale: "aliongoza shambulio kali la alfajiri."

Nikamwambia hapo pana kosa. Nikamsimulia. Alijizuia asicheke, nikaona mashavu yanavyohangaika. Alipojituliza akasema, "Mama, mimi nakuamini. Ila hili likisomwa, watu watacheka msibani."

"Wacheke. Marehemu alipenda."

Akasema kumbukumbu za jeshi hazibadilishwi sebuleni. Mtoto wa kaka, ambaye macho yalikuwa yamevimba, akaniomba, "Shangazi, tuache tu. Baba ameshapumzika." Nikamwambia baba yake ndiye aliyenituma. Wifi alikuwa anazungusha pete. Nilijua anachohofia: kwamba tukibisha, ile heshima ya mwisho itapunguzwa, na mumewe atazikwa kama mtu aliyedanganya.

Nikamwuliza Kanali kama anasali. Akasema anasali, tena anaimba sauti ya tatu kwenye kwaya. "Basi mwanangu, kesho kutwa utasimama mbele ya madhabahu. Mimi pale siwezi kusoma jambo ninalojua si kweli. Wewe sasa unalijua. Utaweza?"

Aliyejibu ni wifi. Alisema, "Kila alipotoka kwenye hizo sherehe alivua koti la medali akaingia jikoni kupika kwa hasira. Sufuria zangu zote zimepondeka. Mizinga msipopiga, msipige. Semeni kweli."

Kanali akasema atauliza wakubwa, akaaga. Siku ile ikapita, na iliyofuata ikapita, jibu halikuja.

Nilikwenda kanisani na karatasi yangu kwenye mkoba, sijui kama nitaruhusiwa kuifungua. Mlangoni nikamkuta Chumvi, amevaa koti kubwa kuliko yeye, amekuja na mkewe na wale wakwe zake. Nikamwomba asogee mbele. Akakataa, akasema mpishi hukaa karibu na mlango. Hakuuliza kitakachosomwa. Alikuwa ameshaacha kutegemea.

Kaka aliletwa amefunikwa bendera, kofia yake juu. Tuliimba, mchungaji akaomba, Kanali akasimama kusoma. Alisoma kuzaliwa, shule, kuandikishwa. Alisoma kwamba marehemu alianza kazi jikoni, nikashika mkono wa wifi. Kisha akafika kwenye vita, akalifunga jalada.

"Kuhusu mji wa reli," akasema, "makao makuu tunajua kilichoandikwa. Familia inajua kilichotokea. Namwomba dada wa marehemu."

Nilipanda mimbarini, na mdomo, namshukuru Mungu, haukunisaliti. Nilisema yote kama nilivyoyaandika hapa, kwa ufupi zaidi. Nilipofika kwenye "Wangapi?" na "Wote," kanisa lilicheka, hata mchungaji alijifunika kwa kitabu cha nyimbo. Kulikuwa na jenerali mzee mstaafu kiti cha mbele, anafuta macho kwa leso. Kisha nikasema kwamba kaka yangu hakuuchukua mji ule peke yake, kwamba aliuchukua na wapishi, na wa kwanza wao ni Koplo Chumvi, na yuko pale mlangoni. Nikasema hii si sifa wala unyenyekevu, ni agizo la marehemu, na mimi mbele za Mungu ni shahidi wake.

Watu waligeuka. Yule jenerali alisimama ili amwone vizuri, na kwa kuwa jenerali amesimama maofisa wote wakalazimika kusimama, na raia tulipoona wamesimama tukasimama. Chumvi alibaki ameishika fimbo yake. Ilibidi aseme kitu.

"Na hayakuungua," akasema. "Yale maharage. Niandikieni na hilo."

Kanali aliniambia baadaye, tukiwa tunatoka, kwamba jibu la wakubwa halikuja. Aliamua mwenyewe pale pale, na kama kuna kuitwa kujieleza, ataitwa yeye. Nikamwambia nitamwombea.

Tulikwenda makaburini kwa miguu, kwa kuwa si mbali. Maofisa walimbeba, kwaya ikafuata, kisha sisi. Chumvi alitembea mbele pamoja na familia, wifi akiwa amemshika mkono upande mmoja na mimi upande mwingine, wakwe zake wako nyuma. Mizinga ilipigwa. Bendera ikakunjwa, wifi akakabidhiwa. Mchungaji akaomba, jeneza likashushwa taratibu kwa kamba. Mtoto wa kaka akatia udongo, akafuata wifi, nikafuata mimi, kisha Chumvi. Tukaimba mpaka kaburi likajaa, tukaweka maua, mchungaji akatubariki, tukarudi nyumbani.